Naomba ushauri: mwanangu anajifunza kuimba, mwezi wa tano sasa yuko sa re ga ma tu

Wakuu habari za jioni, tunaishi Pune huku India kwa kazi ya mume wangu, binti yetu ana miaka 7 nikampeleka kwa mwalimu wa kuimba klasiki ya Kihindustani maana nyumbani haishi kuimba. Huu ni mwezi wa tano tangu aanze, bado yuko sa re ga, re ga ma, ga ma pa (ndo do re mi ya huku), kupanda na kushuka, raga, yaani mpangilio wa sauti wa kuimbia, kafundishwa moja tu, Bhupali, ile ya sauti tano isiyo na sauti za "ma" wala "ni". Tanpura (ala ya nyuzi ya kushikilia sauti wakati wa kuimba) ya kwenye simu inavuma nyumba nzima mpaka jirani kashazoea.

Shida kubwa ni tala, yaani mzunguko wa mapigo. Anayofundishwa inaitwa Tintal, ina mapigo 16, unapiga makofi la 1, la 5 na la 13, ila la 9 unageuza kiganja tu bila kofi. Sasa yeye akifika la 9 ndo anapiga kofi la nguvu kuliko yote halafu anacheka, mwalimu ananuna, akirudi nyumbani analia hataki tena. Na mimi nimezoea kinanda cha kanisani, C ni C, huku "sa" inawekwa kufuata sauti ya mwimbaji, kwa hiyo nikimsaidia ndo namchanganya kabisa.

Wenye watoto waliopita huku mlifanyaje? Nimpumzishe, nimhamishie tabla (zile ngoma mbili za Kihindi) au nivumilie tu? Na mazoezi ya nyumbani dakika ngapi, mwalimu kasema 30, wangu zikifika 10 keshaenda kutafuta paka.