Naomba ushauri: je, mfumo wa kuendesha taa na king'ora kupitia nyaya za umeme ni salama?

Mpangaji Mpya (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nimehamia katika fleti ambayo mwenye nyumba alikwisha kuifunga mfumo wa X10, ule unaotuma amri kupitia nyaya zilezile zinazoleta umeme kwenye soketi. Taa, feni, king'ora na sensa za mwendo vyote vimo humo, na kwa kuwa mfumo wenyewe hautumii intaneti kabisa, niliamini kwamba mtu wa nje hana pa kuingilia. Hata hivyo, fundi aliyekuja kubadilisha soketi aliniambia wakati anaondoka kwamba jirani wa ghorofa ya juu anaweza kunizimia taa akitaka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, niung'oe mfumo wote au kuna namna ya kuulinda? Ninazo pia adapta za HomePlug AV zinazopeleka intaneti chumbani kwa njia ya soketi, nami sijui kama zina udhaifu huohuo.

Fundi Mstaafu

Ndugu, fundi wako amesema kweli. X10 ilibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Scotland, na waliobuni walitaka taa iwake bila kuvuta waya mpya. Suala la nani anayeiwasha halikuwa katika hesabu zao. Amri husafiri kama mipigo mifupi ya masafa ya kilohezi 120, inayopachikwa juu ya umeme pale volteji yake inapopita kwenye sifuri wakati wa kubadili mwelekeo. Kila kifaa hupewa herufi ya nyumba, kati ya A na P, pamoja na namba kati ya 1 na 16, na hivyo anwani zote zinazowezekana ni 256 tu. Kifaa kinachosikia anwani yake hutii papo hapo, kwa sababu ndani ya ujumbe hakuna nenosiri, hakuna usimbaji (yaani kuugeuza ujumbe uwe wa siri), wala hakuna chochote kinachomtambulisha mtumaji.

Ishara hizo, zaidi ya hayo, haziishii kwenye mita yako. Fleti zinazolishwa na transfoma moja zinaweza kusikiana, hasa zikiwa kwenye fezi moja. Kubadilisha herufi ya nyumba kutakuepusha na jirani anayetumia herufi hiyohiyo kwa bahati mbaya, lakini mtu mwenye nia mbaya atazijaribu herufi zote 16 kabla chai yake haijapoa, maana amri moja huchukua takribani sekunde moja.

Mlinzi wa Mtandao

Naongezea hapo, kwa sababu mjadala huu huwa unaishia kwenye taa, na taa ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Mwaka 2011, katika DEF CON, mkutano wa wadukuzi na wataalamu wa usalama wa kompyuta nchini Marekani, watafiti Dave Kennedy na Rob Simon walionyesha vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vyenye uwezo wa kusikiliza mawasiliano ya X10 na pia kuyavuruga. Fikiria maana yake kwako. Anayesikiliza hupata habari kila sensa ya mwendo inapotuma ujumbe, na baada ya muda anajua saa ambazo nyumba huwa tupu. Anayevuruga hujaza kelele za umeme kwenye laini, na ujumbe wa sensa usifike kwenye king'ora, nacho kikae kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa yote mawili hahitaji kuvunja mlango. Soketi ya nje, au ya korido mnayotumia pamoja, inamtosha.

Tena sensa nyingi za mwendo za X10 hutuma kwanza kwa redio hadi kwenye kipokezi, ambacho ndicho kinachoingiza ujumbe kwenye nyaya, na redio hiyo nayo haina siri yoyote.

Sina Hofu

Mimi naona mnamtisha mwenzetu bure. Mwizi wa kawaida hana habari na kilohezi 120; anabeba nyundo.

Mlinzi wa Mtandao

Kwa taa na feni nakubaliana nawe kabisa, na nisingemshauri atumie hata senti moja kuzibadilisha. King'ora ni jambo jingine, kwani kazi yake yote ni kumkabili yule mtu mmoja aliyejiandaa.

Mpangaji Mpya

Nashukuru sana. Nimesikia kuna kichujio kinachofungwa kwenye bodi kuu ya umeme. Kinasaidia?

Fundi Mstaafu

Kinasaidia, kwa kuwa huzuia ishara za masafa hayo zisiingie wala zisitoke. Kinakaa kwenye laini kuu, kwa hiyo kifungwe na fundi mwenye leseni, kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Ila hakikulindi dhidi ya soketi iliyo upande wako wa mita. Kama una soketi ya barazani, iwekewe swichi ndani ya nyumba, inayokata waya zote mbili, na izimwe wakati haitumiki. King'ora na sensa zake nakushauri uviondoe kwenye X10 kabisa na uviweke kwenye mfumo wenye usimbaji, unaotoa taarifa pale mawasiliano yanapokatika.

Kuhusu HomePlug AV, hiyo iko mbali na X10, kwani husimba data kwa AES ya biti 128, njia imara ya usimbaji. Tatizo ni kwamba adapta zikiachwa na nenosiri la kiwandani, ambalo linajulikana na kila mtu, usimbaji huo haumzuii jirani mwenye adapta kama zako. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye adapta zako, moja baada ya nyingine, ili zitengeneze ufunguo wao wenyewe. Usiache adapta mahali ambapo mgeni anaweza kuchomeka kebo yake, kwa sababu akishachomeka, yumo ndani ya mtandao wako.

Kabla ya kununua kichujio, omba ruhusa kwa jirani wa juu, uchomeke kwake kipokezi kimoja cha taa chenye anwani unayoijua, kisha mtu abonyeze swichi huku kwako. Taa ikiwaka kule, umepata jibu lako. Kichujio kikishafungwa, rudieni jaribio hilohilo, na safari hii mtume amri kutoka kwake pia.