Tupeane uzoefu: fedha za wahisani zinapofika, na zinapokatika

Mwanzisha mada
Ndugu wanachama, salaam. Tarehe 24 Oktoba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi tajiri zitenge asilimia 0.7 ya pato lao la taifa kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na mwaka uliofuata ikaundwa orodha ya nchi maskini kuliko zote, ambayo kwa sasa ina nchi 44. Waliotimiza ahadi hiyo mwaka hadi mwaka wanahesabika kwa vidole, wakiwemo Norwe, Denmark na Luxembourg. Uingereza iliitungia sheria mwaka 2015, ikashuka hadi asilimia 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itafika 0.3 ifikapo 2027. Marekani nayo ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025. Hizo ni habari za magazetini; ninachoomba hapa ni simulizi za mliokuwa upande wa pili wa hesabu hizo.

Nianze mwenyewe. Nilikuwa mhasibu wa mradi wa maji wenye wahisani wawili, mmoja akianza mwaka wake wa fedha Aprili na mwingine Oktoba, ilhali wizara tuliyofanya nayo kazi ilianza Julai. Matumizi yale yale niliyaandikia taarifa tatu. Mwezi Machi tuliambiwa tumalize fedha zilizobaki la sivyo zirudi, tukanunua mabomba ya plastiki. Fedha za kuchimba mitaro zilikuwa za mhisani wa pili, nazo zilitoka Novemba. Kwa miezi minane mabomba yalikaa juani, yakapauka, na tulipoanza kuyaunga mengi yalipasuka mdomoni. Katika taarifa ya Machi, hata hivyo, yalisomeka kama mafanikio.

Mkunga mstaafu
Kwetu fedha zilipitia hazina ya serikali, si mradi wa pembeni, kwa hiyo mhisani alipoondoka, jokofu la chanjo na mshahara wa fundi wake vilikuwa vimeshaingia kwenye bajeti. Sina la kulalamika, ingawa posho za semina zilipokwisha, baadhi ya wenzangu walianza kuugua ghafla kila ilipoitishwa semina.

Mtunza stoo
Mhisani wetu mkuu aliposimamisha fedha, dawa zilikuwamo rafuni. Watu wengi hawalielewi jambo hili: hatukuishiwa dawa, bali barua ilitutaka tusimamishe kazi zote, na kununua mafuta ya gari la kusambazia ni kazi. Leja yangu ilionyesha maboksi 61 yanayoisha muda mwezi Juni. Baadaye tuliarifiwa kwamba dawa za kuokoa maisha zimeruhusiwa, lakini waliokuwa wakiidhinisha malipo walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi, kwa hiyo ruhusa tulikuwa nayo na mafuta hatukuwa nayo.

Mkimbizi wa zamani
Yangu ni ya upande mwingine kabisa. Mwaka 2022 nilihifadhiwa hotelini nchini Uingereza nikisubiri ombi langu la hifadhi lisikilizwe. Nilisaidiwa, sikatai, na ninashukuru. Miaka miwili baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kanuni za wahisani huruhusu gharama za mkimbizi za miezi 12 ya kwanza kuhesabiwa kuwa msaada wa nje, na kwamba mwaka huo zaidi ya robo ya msaada wote wa Uingereza ilitumika humo humo nchini mwao kwa namna hiyo. Kitanda changu, basi, kilikuwa kimeandikwa kwenye fungu lile lile ambalo lingeweza kununua mabomba ya mwanzisha mada.

Mwanzisha mada
Mtunza stoo, samahani kwa kukurudisha nyuma: yale maboksi 61 yaliishia wapi?

Mtunza stoo
Kumi na manne yalichukuliwa na muuguzi mmoja aliyekuja kwa pikipiki yake mwenyewe, safari mbili. Yaliyobaki yaliteketezwa Julai. Hati ya uteketezaji ndiyo karatasi ya mwisho niliyoisaini pale, na mafuta ya gari lililoyapeleka kwenye tanuri yalipatikana siku hiyo hiyo.