Gari la zamani na bajeti ndogo: nianze na lipi, na lipi nisiguse?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Nina gari dogo la petroli lenye umri wa zaidi ya miaka 20, ambalo limenihudumia vizuri na sina nia ya kuliuza. Kwa sasa lina mambo manne yanayonisumbua. Asubuhi stata huzunguka kwa uvivu kabla injini haijawaka. Taa za mbele zimefifia na plastiki yake ya nje imekuwa ya njano. Mafuta ya injini yanavuja kidogo kidogo kuzunguka kava ya juu. Na ulaji wa petroli umeongezeka ilhali safari zangu ni zilezile.

Ushauri niliopewa hadi sasa unanichanganya. Mmoja ameniambia ninunue betri mpya na globu za LED, mwingine anasema nitoe themostati ili injini isije ikachemka, na kijana mmoja jirani anataka kunikatia springi ili gari lishuke na lipendeze. Ninazo spana, jeki, mita ya umeme ya kawaida na nafasi ya mwisho wa wiki. Naomba mnieleze nianze na lipi na lipi niliache kabisa, pamoja na sababu zake, kwa maana nataka kulielewa gari langu na si kufuata maagizo tu.

Waya Mwekundu

Mkuu, kabla hujanunua betri wala globu, pima. Betri iliyojaa na iliyopumzika usiku kucha inapaswa kusoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na chaji kama nusu, na ikisoma chini ya 12.0 imeishiwa chaji. Kisha washa injini: mita ikionyesha kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji inavyotakiwa. Vipimo hivyo viwili ni vya dakika chache, na mara nyingi vinaonyesha kwamba betri inayolaumiwa haina kosa lolote.

Katika magari ya umri huo mimi hushuku kwanza waya wa ethi, yaani ule unaotoka upande hasi wa betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Umeme wote unaoendesha stata lazima urudi kwa njia hiyo, na kutu nyembamba chini ya boliti moja inatosha kuuzuia. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, si juu ya kibano chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Usomaji unapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukizidi nusu volti, umeme unapotea njiani na betri mpya haitakusaidia. Fungua boliti ya ethi, sugua sehemu zote mbili zinazogusana kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu ili unyevu usirudi.

Vichwa vya betri vikiwa na ungaunga mweupe au wa kijani, vioshe kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, ambayo huua tindikali, halafu vipige brashi ya waya. Fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho, kwa sababu spana iliyoshika chanya ikigusa bodi huku hasi bado imefungwa, utapata cheche inayoweza kuunguza mkono au kulipua betri.

Kuhusu taa, mwanga wa globu ya halojeni hushuka upesi kuliko volti zake: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza takriban asilimia 30 ya mwanga. Pima volti kwenye soketi taa ikiwa inawaka, ulinganishe na volti za betri wakati huohuo. Ukikuta tofauti ya volti moja au zaidi, tatizo ni nyaya nyembamba na swichi iliyochoka. Dawa yake ni relei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, yenye miguu iliyoandikwa namba. Vuta waya mnene kutoka chanya ya betri, uweke fyuzi karibu kabisa na betri, uupeleke kwenye mguu namba 30. Mguu namba 87 uende kwenye globu. Waya wa zamani wa swichi uingie namba 86. Na namba 85 uende ethi. Taa ndefu na taa fupi kila moja iwe na relei yake. Globu mbili za wati 55 hula takriban ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya ampea 15 inatosha. Haya ndiyo marekebisho ninayoyapendekeza kuliko yote kwa gari la zamani, kwa sababu ni ya bei ndogo na utayaona matunda yake usiku huohuo.

Globu za LED ziache. Kioo cha nyuma ya taa yako kilichorwa kufuata mahali uzi wa halojeni ulipo, na chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga hutawanyika na kumpofusha dereva anayekuja mbele yako.

Spana Kumi

Naunga mkono maelezo ya umeme, nami nitaongezea upande wa injini, kwa kuwa naona dalili zako mbili za mwisho huenda zina chanzo kimoja.

Mtu akiona mafuta kwenye kava ya juu, hukimbilia kubadilisha gasketi. Gasketi ya umri huo huenda imekauka kweli, lakini angalia kwanza valvu ya PCV, ambayo kwenye injini nyingi ni kijidude kidogo kilichochomekwa kwenye kava hiyo na kuunganishwa kwa mpira hadi njia ya hewa. Kazi yake ni kunyonya gesi zinazopenya kando ya pistoni ili zikaungue upya. Ikiziba, gesi hizo hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda ndani ya injini, na mafuta husukumwa nje kupitia kila gasketi na kila sili iliyo dhaifu. Ichomoe, uitikise karibu na sikio. Nyingi zikiwa nzima hutoa mlio wa kugongagonga. Iliyonyamaza imejaa utope. Ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika gari zima, na ukibadilisha gasketi bila kuigusa, uvujaji utarudi. Utakapofunga kava, usikaze kwa nguvu za mkono mzima: boliti zile ni ndogo, nyingi hazihitaji zaidi ya nyutonimita 10, na ukizidisha unapinda kava au unang'oa nyuzi kwenye aluminiamu.

Ukiwa hapohapo, kagua mipira yote midogo ya hewa. Ikunje kwa vidole mmoja baada ya mwingine, hasa kwenye ncha zake, kwani ndiko hupasuka. Hewa inayoingia kwa siri huvuruga hesabu za kompyuta ya injini, nayo huongeza petroli. Njia salama ya kuipata ni kunyunyizia maji ya sabuni kwenye viungio huku injini inanguruma taratibu. Maji yakiziba ufa kwa muda, mngurumo hubadilika. Nimeona watu wakinyunyizia petroli kwa kusudi hilo juu ya injini ya moto, na ninakuomba kwa dhati usifanye hivyo. Mpira uliopasuka nchani, mara nyingi unaweza kukata sentimita moja na kuurudisha, mradi bado una urefu wa kutosha.

Plagi nazo zitakupa habari. Zitoe injini ikiwa baridi, uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Kahawia hafifu ni hali njema. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi. Mafuta mabichi kwenye plagi moja tu yanaonyesha tatizo la silinda hiyo.

Sasa themostati. Usiitoe. Kwenye magari mengi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi, na kabla ya hapo huzuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto upesi. Ukiiondoa, injini huchelewa kufikia joto lake au haifikii kabisa. Kompyuta hudhani ndiyo kwanza imewashwa na huendelea kumimina petroli ya ziada, huku maji na petroli vikijikusanya kwenye mafuta ya injini badala ya kuvukizwa. Huenda hata sasa yako imekwama wazi, na ulaji wako wa petroli ukaanzia hapo. Angalia mshale wa joto: ukichelewa sana kupanda, au ukishuka unapoongeza mwendo barabarani, ifungue uipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, upashe moto taratibu, utazame inapoanza kufunguka na kama inafunguka hadi mwisho. Namba ya joto huwa imepigwa chapa kwenye chuma chake.

Utakaporudisha maji, weka kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Nimepima: betri ina 12.5, altaneta 14.2, na kwenye ethi nimepata 0.8 wakati stata inapigwa, kwa hiyo nimeanza na boliti hiyo, nayo ilikuwa na kutu chini ya rangi. Valvu ya PCV haitoi sauti yoyote. Relei nitazifunga mwisho wa wiki. Nina maswali mawili ya nyongeza: je, springi nazo niziache? Na mafuta ya breki, ambayo sijui yalibadilishwa lini na yamekuwa ya kahawia, naweza kuyabadilisha mwenyewe?

Mkaguzi

0.8 inatosha kabisa kueleza stata yako ya uvivu. Pima tena baada ya kukaza.

Springi zisikatwe. Springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi, ncha yake haikai tena kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake. Ukitaka gari litulie barabarani, fedha hiyo iweke kwenye bushi na shokapu, kisha ujaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, wala si kile cha juu kabisa kilichochapwa ubavuni mwa tairi.

Mafuta ya breki unaweza kuyabadilisha, mkiwa wawili. Hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, nayo yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali huzama bila breki kushika. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya breki, kutoka kopo ambalo halijawahi kufunguliwa, na usiache chupa ikauke katikati ya kazi.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi havilisemi. Katika gari la zamani, usiruhusu msaidizi akanyage pedali hadi sakafuni. Pistoni ya pampu kuu imezoea kutembea sehemu fulani tu ya silinda; mbele ya hapo kuna kutu na uchafu wa miaka, na sili ikipitishwa humo huchanika, ukamaliza kazi ukiwa na pampu mbovu uliyoianza ikiwa nzima. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isishuke zaidi ya nusu.

Gari likiinuliwa, liketi juu ya stendi za chuma, kamwe usiingie chini yake likiwa juu ya jeki peke yake. Na ukimaliza, pedali ikibaki laini au ikizama polepole unapoishikilia, usilitoe gari mahali lilipo. Mwite fundi wa breki alifuate hapohapo.