Naomba ushauri: nyanya zinanyauka ghafla, Lindi vijijini

Wakuu, shikamooni. Nyanya za wiki ya sita, nafasi sm 60 kwa 45, na joto hili la Januari lenye unyevu. Mche unalegea mchana majani yakiwa kijani, usiku unajiinua kidogo, siku ya tatu kwisha. Shina likikatwa na kuning'inizwa kwenye glasi ya maji, uzi mweupe kama maziwa unashuka. Huo ni mnyauko wa bakteria, kwa hiyo dawa za ukungu ni kutupa hela tu. Iliyougua imeng'olewa pamoja na udongo wa mizizini.

Tuta lipumzishwe kwa mahindi au mtama misimu mingapi? Bilinganya na pilipili hapana, ni ndugu za nyanya. Na aliyewahi kupandikiza nyanya juu ya shina la bilinganya, kiungo kinashika kwenye fukuto hili au kinaoza?