Mfumo nimeuandika mwenyewe, leo naambiwa sina uzoefu wa kuuhudumia!

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Niko kwenye mambo ya TEHAMA mwaka wa kumi sasa. Saba kati ya hiyo nimeitumikia kampuni moja ya mikopo hapa Dar, jina silitaji. Niliwakuta wanaandika marejesho kwenye Excel, kila tawi na faili lake, tarehe 30 watu wanakesha ofisini wanatafuta elfu nne iliyopotelea kusikojulikana. Nikawaandikia mfumo. Na nikisema kuandika namaanisha kuandika, sio kununua wa Wahindi na kubandika nembo. Mama muuza mchele akilipa kwa simu kule Ifakara, deni linapungua hapo hapo na afisa mkopo anaona. Naondoka mfumo unahudumia matawi 14.

Kwa nini niliondoka? Mwaka juzi wakubwa wakaleta mshauri elekezi, "konsaltanti" kama wanavyopenda kujiita, akague mifumo. Akaja bwana mmoja, suti imenyooka, daftari la ngozi. Wiki mbili amekaa pembeni ya meza yangu. Hiki kinafanya nini? Hapa taarifa zinapita wapi? Seva ikizima mnafanyaje? Najibu, anaandika. Supu na chapati za saa nne nanunua mimi, maana mgeni ni mgeni. Baadaye ikatoka ripoti ya kurasa 60, na ndani yake ni maneno yangu mwanzo mwisho. Mpaka utani niliomtania kwamba mkurugenzi wetu halisi wa TEHAMA ni jenereta, kauweka humo, eti "utegemezi mkubwa wa nishati mbadala". Jamaa wa uhasibu ndiye aliyeninong'oneza alicholipwa: milioni 31. Mimi mkononi nilikuwa napokea milioni moja na laki nane kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe.

Nikajiuliza, kama maneno yangu yana bei hiyo, kwa nini niyauze kwa mdomo wa mtu mwingine? Nikaandika barua, nikatumikia siku zangu 28 za notisi, Januari nikatoka. Kiinua mgongo sikupata, kwa sababu zile siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliofanya kazi ni za anayeachishwa, sio anayeacha mwenyewe. Nilijua, na silalamikii hilo. Nilikuwa na akiba ya miezi sita.

Huu ni mwezi wa tisa.

Jina la biashara nilisajili BRELA nikiwa kitandani, mtandaoni, sina neno nao. Shughuli ikaanza kwenye leseni, maana lazima uoneshe mkataba wa pango. Kazi yangu mimi iko ndani ya laptopu, meza ya chakula inanitosha kabisa, lakini bila ofisi huna leseni, na bila leseni hakuna anayekufungulia mlango. Nikapata chumba Sinza juu ya saluni, laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Nikamgusia mzee mwenye nyumba suala la kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya pango. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, hayo ya TRA utajua mwenyewe, mimi nataka hela yangu kamili." Kisheria kodi ile ni ya kwake yeye, ila anayetakiwa kuikata na kuipeleka ni mpangaji. Utaikata kwenye nini sasa, wakati mzee anataka yote? Nikailipa mfukoni kwangu, na ushuru wa stempu juu yake. Karibu milioni moja na laki saba imeondoka, sijapata mteja hata mmoja, na kelele za dryer za chini nazisikia mchana kutwa.

Hiyo nayo nikaimeza. Biashara ina gharama.

Nikaingia kwenye tenda. Tangu 2023 manunuzi ya serikali yamehamia NeST, mfumo wa tenda wa mtandaoni, na nitasema ukweli, kukaa nyumbani ukaona tenda za nchi nzima bila kumjua mtu ni jambo zuri sana kuliko bahasha za zamani. Nikajisajili, nikachagua kikazi kidogo cha kuhudumia databesi ya taasisi fulani, kazi ninayoweza kuifanya nikiwa na malaria. Nafungua vigezo: mikataba mitatu ya kazi zinazofanana, barua za kukamilisha kazi, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Biashara yangu ina miezi mitano! Nikapeleka barua nzuri ya mwajiri wangu wa zamani inayoeleza nilichojenga. Nikaangukia hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu kazi ile ni ya kampuni, mimi nilikuwa mtumishi tu.

Kuna mtu atakuja na ile asilimia 30 ya tenda za serikali inayotengewa makundi maalumu. Naijua mkuu. Ni ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, vilivyosajiliwa kama vikundi. Mimi kikundi changu ni mimi na chaja.

Haya, nikahamia kampuni binafsi. Huko ndiko nilikochezewa kama danadana. Njoo Jumatano. Bosi kasafiri. Tunasubiri bajeti. Habari za LPO, ile hati ya kukuagiza rasmi ufanye kazi, ziacheni, nyingi hata sikufika huko. Ila moja lazima niielezee. Jengo moja Posta, ghorofa ya tisa, wana mradi wa kuunganisha mauzo ya matawi yao. Wakaniambia wamenielewa sana, nilete pendekezo kamili: michoro yote, namna taarifa zitakavyosafiri, seva zipi, watu wangapi, siku ngapi. Wiki tatu sijalala vizuri. Nikawaonesha demo mara mbili, ya pili wakaita na watu wa Arusha wakaangalia kwa video. Wakanipigia makofi. Halafu kimya, simu inaita tu. Baada ya mwezi mshikaji wangu ananitumia WhatsApp: "Kaka, hii kazi umeiona? Tuombe pamoja." Nafungua PDF, ni wao wanatangaza. Ukurasa wa nane michoro yangu! Wamebadilisha rangi tu, bluu imekuwa kijani. Ule mshale kati ya ghala na uhasibu niliosahau kuunyoosha, nao wameutangaza ukiwa umepinda vilevile. Na vigezo chini yake: uzoefu wa miaka mitano kama kampuni.

Mnisamehe, siku hiyo nilitukana peke yangu kwenye daladala ya Mwenge, mama wa jirani akahama siti.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni cha wiki hii.

Mwezi uliopita yule mfumo wangu wa mikopo ulianza kugoma. Kijana aliyenirithi akanipigia saa tano usiku, "kaka samahani, marejesho ya wateja yanajirudia mara mbili." Nikamwelekeza kwa simu, faili fulani, shuka mpaka chini, futa mstari ule, washa upya. Ikapona. Wiki iliyofuata tena, nikamsaidia tena, bure, kijana hana kosa. Mara ya tatu nikamwambia, mdogo wangu, mwambie bosi anipe mkataba, hata wa miezi mitatu. Bosi akanipigia mwenyewe, akafurahi, tukakubaliana kwa mdomo mpaka bei. Faili likaenda manunuzi.

Manunuzi wakajibu kwa barua pepe. Nimeisoma mpaka nimeikariri: mzabuni hajakidhi kigezo cha uzoefu, aoneshe angalau wateja wawili aliowahi kuwahudumia kwa mfumo wa aina hii.

Wakuu, mfumo wa aina hiyo duniani uko mmoja! Uko kwao! Niliuandika mimi, jina langu liko juu ya kila faili na tarehe zake. Nitamtoa wapi mteja wa pili? Sidai kuumiliki, walinilipa mshahara, mali ni yao. Lakini mikono iliyouandika nayo ni ya kwao?

Bosi naye akanywea. "Unajua taratibu zetu bwana." Taratibu zao nazijua sana, fomu yao ya manunuzi ya mtandaoni niliitengeneza mimi.

Sasa kisieni mkataba kapewa nani. Bwana daftari la ngozi. Milioni 24 kwa mwaka, na jamaa wa uhasibu ndiye yuleyule kanihakikishia. Ijumaa jioni bwana kanipigia, sauti ya asali: "Mdogo wangu, nina kakazi hapa, nikasema nani mwingine kama sio wewe." Laki nne na nusu kwa mwezi. Mkataba hakuna, tutaaminiana. Kwenye vikao nitambulishwe kama kijana wa ofisini kwake. Nina miaka 36, mtoto wangu wa kwanza yuko darasa la nne.

Nikameza mate, nikamwomba jambo moja tu. Kila miezi mitatu aniandikie barua ya ukurasa mmoja, kwamba kazi ya mteja huyu nimeifanya mimi chini ya kampuni yake. Suala la hela sikuligusa hata, niko tayari kwa hiyo laki nne na nusu, maana barua hiyo ndiyo mkataba wangu wa kwanza. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hiyo barua itamchanganya mteja."

Kwa hiyo nikikubali, mwakani saa kama hizi nitakuwa nimehudumia mfumo wangu mwaka mzima na kwenye karatasi bado sijawahi kufanya kazi. Nikikataa, pango la Sinza limeisha tangu mwezi wa nane na mzee wa miwani keshaanza kunisalimia kwa kununa. Mama yangu Korogwe ndiyo kila akipiga anauliza likizo yangu inaisha lini.

Waliopita njia hii, tuambizane ukweli. Kuna mtu humu alipata mkataba wa kwanza wenye jina lake bila shemeji kwenye manunuzi? Karatasi ya kwanza uliitoa wapi? Mliofanya chini ya mgongo wa mtu, mlimbanaje mpaka akaandika barua? Za "rudi kuajiriwa" na "lima matikiti" naomba mzibakishe, nimeshazisikia ukweni. Bwana daftari anataka jibu Jumatatu saa nne.

Naandika hapa, kijana aliyenirithi kapiga tena mara mbili. Sijapokea.