Darubini ya bunduki inalala upande nikishakaza skrubu, nifanyeje?

kiruhura_ranchi: Wazee habari za jioni. Nina bunduki ya .308 (saizi ya risasi) yenye leseni, natumia huku kwenye ranchi karibu na Ziwa Mburo tukiwa na wageni wa kuwinda. Nimenunua darubini mpya nikaifunga mwenyewe nyumbani juu ya meza. Kabla ya kukaza, ule msalaba wa kulengea ndani ya darubini umesimama vizuri kabisa, nikimaliza kukaza naangalia tena umelala kulia. Nimerudia mara nne. Jana nikaenda kujaribu mita 100, nikazungusha kitufe cha kupandishia kliki 40, tundu la risasi limepanda kama sentimita 29 lakini likasogea kulia karibu sentimita 3. Upepo haukuwepo. Shida ni darubini au ni mimi?

fundi_mbarara: Ndugu, darubini yako ni nzima. Kliki moja ya robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe, digrii moja gawanya kwa 60) ni milimita 7 na kitu kwa mita 100, kwa hiyo 40 ni sentimita 29, hapo imefanya kazi yake sawasawa. Ila 3 kwa 29 ni kama digrii 6 za kulala, hiyo ni nyingi, hata jicho linaiona.

Kinachokuzungusha ni skrubu. Ukikaza za upande mmoja mpaka mwisho ndiyo uende za upande wa pili, kile kifuniko cha ringi inayoshika darubini kinavuta bomba la darubini na kulizungusha. Kaza robo mzunguko, ruka upande wa pili kwa mshazari, robo tena, na uangalie ule mwanya kati ya kifuniko na ringi uwe sawa kushoto na kulia. Mimi naingiza kipande cha karatasi ngumu pande zote mbili, kikipita huku na kukwama kule najua nimeshakosea, nalegeza naanza upya. Usikaze kwa nguvu za kufungua tairi. Ringi nyingi zinataka nyutoni mita 2 hivi tu, soma karatasi iliyokuja nazo. Kama huna spana ya kupimia, shika aleni ki kwa ule mkono mfupi na vidole viwili, vidole vikikataa basi imetosha.

mama_timazi: Naongeza kwa fundi. Watu wengi wanaweka pima maji juu ya kile kifuniko cha kitufe cha kupandishia halafu wanaamini. Kifuniko si msalaba, vinaweza kupishana. Tumia timazi. Kwanza toa bolti, toa magazini, angalia chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho na uingize kidole, hilo usiruke hata kama uliangalia asubuhi. Laza bunduki kwenye vifuko vya mchanga, pima maji iweke juu ya reli yenyewe ya bunduki, pale ringi zinapofungwa, KABLA darubini haijakaa, ukishaisawazisha bunduki isiguswe tena. Mita 20 mbele ning'iniza uzi mweupe kwenye tawi, chini funga nati kubwa na uitumbukize kwenye ndoo ya maji. Maji yanaituliza nati, uzi hauchezi hata kukiwa na upepo kidogo. Sasa zungusha darubini mpaka mstari wa kusimama uufunike uzi wote juu mpaka chini. Halafu ndiyo ukaze alivyosema fundi, na kila mzunguko rudi uangalie uzi.

afande_mstaafu: Na jicho je? Hamjamwambia. Kabla ya hayo yote aweke darubini kwenye ukuzaji wa mwisho, afumbe macho, aweke shavu kwenye kitako anavyopigaga, afumbue. Akiona duara jeusi pembeni asogeze darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Mara nyingi ni sentimita 8 mpaka 10 toka jicho. Nimeshona nyusi za vijana waliokaribia sana, .308 inarudi kwa nguvu na ule ukingo unakata kama kisu.

kiruhura_ranchi: Fundi, mama, afande, asanteni sana. Leo nimefanya yote, nati na ndoo pia, uzi nimeufunga kwenye mwembe. Kumbe nilikuwa nakaza za kulia zote kwanza! Nikasogeza na darubini mbele kidogo maana kweli nilikuwa karibu. Mita 100, kliki 40, nimechora mstari wa wima kwa timazi kwenye boksi nikalenga mwisho wake wa chini: matundu matatu yote yamepanda yakifuata mstari, la mbali limetoka nusu sentimita.

mama_timazi: Safi ssebo (bwana). Chora alama ndogo ya kalamu ringi inapokutana na bomba, ukishapita ile barabara ya murram na gari uangalie kama imesogea.

kiruhura_ranchi: Nimeshachora, nyeupe. Jumamosi tunaingia porini, nitaangalia asubuhi kabla ya mgeni kuishika.