Ukuta wa Great Zimbabwe umesimamaje karne zote hizo bila chokaa?

mdadisi_wa_kale:
Wakuu naomba tuelimishane. Nimekuwa nasoma kuhusu magofu ya Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kule nchini Zimbabwe, na kuna kitu hakiniingii kichwani, ule ukuta wa nje wa lile boma kubwa kuna sehemu unaenda juu mpaka mita 11 na mzunguko wake ni kama mita 250, halafu ni mawe matupu yamepangwa, hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikia. Hivi waliwezaje? Na ilikuwaje wazungu wakabisha miaka yote ile kwamba sio kazi ya Waafrika?

fundi_mawe:
Siri ya kwanza ni jiwe lenyewe mkuu. Vilima vya pale ni granaiti, mchana jua linauchoma mwamba usiku unapoa, mwisho unabanduka wenyewe tabaka kwa tabaka kama kitunguu, kwa hiyo vipande vinatoka bapa tayari. Na wakitaka zaidi wanawasha moto juu ya mwamba halafu wanamwagia maji unapasuka. Baada ya hapo ni upangaji tu, chini ukuta mnene sana, kuna sehemu unazidi mita 5, kila safu inarudi ndani kidogo, uzito wake ndo unaushikilia. Tena haukubeba paa, watu walikaa kwenye nyumba za udongo humo humo ndani. Ila angalia ile nakshi ya zigizaga kule juu upande wa nje, anayejikinga na maadui tu hahangaiki na urembo, mimi naamini ule ukuta ulijengwa kuonyesha ukubwa wa mfalme.

binti_historia:
Hilo swali la pili linaniuma sana. Karl Mauch, Mjerumani, alifika 1871 akatangaza ni mambo ya Malkia wa Sheba. Halafu kati ya 1902 na 1904 Richard Hall, msimamizi wa magofu, akachimba na kutupa tabaka za udongo zenye mabaki ya wakazi wenyewe, yaani ushahidi wote ule ukaishia jalalani!! Mwanaakiolojia Randall-MacIver alipochunguza 1905 akasema wazi hii ni kazi ya Waafrika, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akaja 1929 akathibitisha, lakini serikali ya walowezi ya Rhodesia (ndo Zimbabwe ya leo) iliendelea kuwabana wataalamu mpaka miaka ya 70. Waliojenga ni mababu wa Washona, kuanzia karne ya 11 mpaka ya 15, hilo halina ubishi tena.

msafiri_pwani:
Niongezee hapo dada, pale pale ilipatikana sarafu ya Kilwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yule yule wa jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa. Dhahabu ilishuka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikapanda Kilwa, na huko bara zikaingia shanga na vyombo vya China. Mtu akiyatembelea magofu ya Kilwa bila kujua habari za Great Zimbabwe ameona nusu tu.

mdadisi_wa_kale:
Aisee asanteni sana, hiyo ya sarafu sikuijua kabisa. Na wale ndege wa mawe waliochukuliwa pale je, walirudishwa wote?

binti_historia:
Walichongwa kwenye jiwe la sabuni, maarufu ni wanane. Wakati wa ukoloni wengi walibebwa, Afrika Kusini ilirudisha kadhaa 1981, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa Zimbabwe, na 2003 Ujerumani ikarudisha kipande cha mwingine kikaunganishwa na nusu yake. Na mfano wa ndege hao wa mawe ndo unaouona kwenye bendera ya Zimbabwe.